Daftari la Kambi ya Saba

Padri kasema: ukurasa mmoja tu,
historia ya kanisa, isomwe siku ya jubilei
kabla ya mnada wa kuku na ndizi.
Weka miaka, kasema. Weka askofu aliyezindua.
Nami nimekaa na daftari la ubatizo,
natafuta mwanzo. Mwanzo haupo.
Mchwa wameumeza.

Miaka ninayo. Askofu ninaye:
alikuja siku moja, akanyeshewa, akabariki, akaondoka.
Ila habari ya kengele nitaiandikaje?
Kwamba haikuwa kengele, bali kipande cha reli
ya troli za mkonge, urefu wa mkono,
kilichokatwa usiku na Mbwana Kidau, fundi wa korona,
Mwislamu wa Pongwe, mtu wa swala tano,
akamwambia Mwalimu Zefania Singano:
"Chukua. Bwana shamba ana reli mpaka Muheza,
Mungu wenu hana hata kigoma."

Padri atataka niseme tulijaliwa.
Nitaandika *tuliibiwa*, Kiswahili kinisitiri:
maana kuna kuibiwa ukabaki mikono mitupu,
na kuna kuibiwa na jirani,
ukapata.

Jumapili ya kwanza Zefania akaigonga,
kambi nzima ikatoka mbio,
mapanga begani, kadi za kipande mkononi,
wakajipanga mstari.
Chuma ni kile kile
kilichowaamsha alfajiri siku sita,
nyapara akihesabu vichwa.
Zefania akawatazama, maneno yakamkauka.
Sala ya kwanza ikasaliwa hivyo hivyo, kwa mstari,
mapanga chini, miguuni,
majani ya mkonge yakiwachungulia.

Kuanzia wiki ile akabadili mapigo:
matatu, ya taratibu,
kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.

Mzee Gwamaka hakudanganyika.
Kabatizwa kwao Rungwe, zaburi anazijua kwa moyo,
lakini chuma kikilia alijifunika shuka gubigubi.
Kikinyamaza, alisubiri kidogo, akavaa,
akafika somo la kwanza limekwisha,
akasimama mlangoni, kofia kifuani.
Miaka thelathini na miwili.
Watoto tulimwita Babu Somo la Pili,
naye aliitika.

Daftari lina safu tano:
Jina. Baba. Mama. Siku. Kwao.
Komba, kwao Songea.
Nangomwa, kwao ng'ambo ya Ruvuma.
Pembeni, kwa penseli, namba ya mtu kazini,
maana ofisini namba ilijulikana, jina lilisahaulika.
Ukurasa wa tisa, wino mwingine.
Dorkasi, binti wa Ngole, namba 1147,
na wa Damari Semkiwa wa Kwemhosi.
Kwao:
Zefania kaandika Njombe, kakata.
Kaandika Bonde, kakata.
Naiona kalamu ilivyosita, kitone kimevimba pale.
Kisha, kwa herufi za mtu aliyechoka kubishana,
*Hapa.*

Huyo Dorkasi ndiye bibi yangu.
Neno moja tu, na sisi sote tumelikalia
kama kuku wanavyokalia mayai.

Halafu nailoni ikaja, kamba zetu zikadoda.
Korona ikanyamaza katikati ya zamu,
singa zikabaki zimeanikwa, hakuna wa kuzianua.
Wanunuzi wa chuma chakavu wakaja na malori,
wakang'oa reli yote, taruma kwa taruma,
mpaka ukipita leo huwezi kujua njia ilikuwa wapi,
isipokuwa nyasi pale huota fupi.
Reli yote ya shamba lile imekwenda.
Kimebaki kile kipande cha wizi.

Sasa tuna kengele ya kweli, ya kununua,
inalia vizuri, haina inachokumbuka.
Chuma chetu kinashikilia mlango wa sakristia
upepo usiufunge.
Siku tulipomzika Gwamaka
mtu alikiinua, akakipima mkononi,
akakirudisha chini polepole, kisitoe sauti.

Padri, ukurasa umejaa.
Askofu sijamfikia.